Mkataba Ndani ya Mgongo wa Kitabu

Miaka arobaini na mmoja ilipita mbele ya dirisha la mashariki la chumba kile, taratibu, bila kusukumana, na kila asubuhi ya miaka hiyo, Mola alipolichomozesha jua lake, mwanga ulianza kwa kuiangukia meza ya fundi mmoja wa kujalidi vitabu. Ulimkuta kijana mwenye nywele nyeusi tii. Ukamkuta baba wa mabinti watatu. Mwishowe ukawa unamkuta mzee mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine juu ya paji la uso, akiuliza nyumba nzima ni nani aliyemchukulia miwani yake.

Watu wa mtaa walimwita Fundi Mgongo. Haikuwa kwa sababu ya kuinama kwake, ingawa aliinama kwelikweli, bali ni kwa kuwa mtu akimletea kitabu kilichochanika, hata kabla salamu hazijakwisha, yeye alisema, "Nionyeshe mgongo kwanza." Aliamini kuwa kitabu huanza kuugua mgongoni, na maradhi ya kurasa ni matokeo tu. Kazi aliifunzwa na mzee mmoja mkali, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ambaye alimwapisha mambo mawili: kwamba asitumie gundi yoyote isipokuwa ya wanga, inayokubali kuachia ikiloweshwa, ili fundi atakayekuja baada yake aweze kukifungua kitabu bila kukiumiza, na kwamba asitupe karatasi ngumu hata kipande. Viapo vyote viwili alivitimiza. Cha kwanza kilimwokoa. Cha pili, kama itakavyoonekana, ndicho kilichomtia mashakani.

Maana ujalidi una siri yake. Kurasa zikishashonwa, mgongo hupakwa gundi na kubandikwa vipande vya karatasi ngumu, ndipo jalada huja kufunika. Vipande hivyo msomaji havioni maisha yake yote. Fundi Mgongo alivikata kutoka katika sanduku la mabaki lililokaa chini ya meza, na kwa hiyo ndani ya migongo ya vitabu vya mji ule mlikuwa na kalenda zilizopitwa na wakati, ramani za barabara zilizobadilishwa majina, na kadi za mwaliko za arusi ambazo maarusi wake sasa walikuwa na wajukuu.

Chumba chenyewe kilikuwa chini, katika nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa enzi za watu waliopenda kuta nene. Pazia la kijani lilikigawa nusu kwa nusu. Mbele palikuwa na kazi: meza, uzi, mfupa laini wa kukunjia karatasi, na mashine ya kubana vitabu, chuma kitupu, iliyoingizwa na wanaume sita na ambayo tangu siku hiyo haikusogea hata unene wa kidole. Nyuma ya pazia palikuwa na maisha: kitanda, jiko, na mkewe, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na magoti mazito, ambaye daktari alikuwa amemkataza ngazi. Juu yao aliishi bibi mwenye nyumba, aliyekuwa mjane kwa miaka kumi na saba.

Mwaka huo halmashauri ya jiji iliamua kuujadili upya utaratibu wa zamani wa kikomo cha kodi, ule uliomzuia mwenye nyumba kumpandishia mpangaji wa siku nyingi kupita kiwango kilichowekwa. Baadhi ya madiwani walitaka uondolewe wote; wengine waliapa kwamba ukiondoka, utaondoka pamoja nao. Raia wakaitwa ukumbini kutoa maoni, na Fundi Mgongo, aliyekuwa hajawahi kukanyaga ukumbi ule, akapiga pasi kanzu yake na kwenda.

Ulikuwa umejaa hadi madirishani. Mwenye nyumba mmoja mwembamba alisimama wa kwanza.

"Nina vyumba sita," alisema. "Kodi ya vyote sita hainunui rangi ya ukuta mmoja! Wapangaji wangu wananicheka. Wana televisheni pana kuliko mlango wangu."

"Si uje tutazame wote?" alimjibu mama mmoja muuza vitambaa, mpangaji wake. "Hata kubisha huna haja. Kitasa cha mlango kilianguka mwaka juzi, mpaka leo tunakisubiri!"

Ukumbi ukacheka. Mama yule hakucheka. "Mheshimiwa mwenyekiti, mkiondoa kikomo sisi tutahamia wapi? Mbinguni?"

"Huko nako siku hizi wanataka kodi ya miezi sita mkononi," ilisema sauti kutoka nyuma.

Mwenyekiti, diwani mzee mwenye sauti ya upole, aligonga kengele. "Jamani, mbingu haimo katika mamlaka ya halmashauri hii. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mtoto wa pekee wa bibi mwenye nyumba wa Fundi Mgongo, mtu wa ofisini, kola yake imenyooka. Alizungumza bila kelele. "Mama yangu ni mjane. Wakati wa mvua analala na beseni miguuni pa kitanda, kwa sababu paa limeoza na kodi ya kikomo haitoshi kuliezeka. Chini yake anaishi mpangaji ambaye namheshimu kama mzazi wangu. Lakini heshima yangu kwake haizuii maji."

Fundi Mgongo aliyasikia hayo na hakuona hasira. Beseni lile alilijua. Likijaa, maji yaliyozidi yalishuka kwake.

Kabla ya kuahirisha kikao, mwenyekiti alitangaza uamuzi wa muda. Mjadala ungeendelea, pengine kwa muda mrefu. Lakini kila mpangaji mwenye mkataba wa maandishi wa kabla ya utaratibu ule wa kikomo kuanza aulete ndani ya wiki mbili, naye hatapandishiwa wala kuondolewa katika uhai wake na wa mwenzi wake bila ridhaa yake. Asiye na karatasi atapatana upya na mwenye nyumba, na wasipopatana, atahama.

Nje, kwenye ngazi, yule mtoto wa mwenye nyumba alimsubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umesema vizuri."

"Sikutaka kukuaibisha."

"Hujaniaibisha. Mtu akimsemea mama yake amemwaibisha nani?"

Kijana, ambaye kwa kweli alikuwa na mvi tayari, alitazama viatu vyake. "Mkataba unao, baba? Ule wa marehemu baba yangu?"

"Upo. Upo kwenye mtoto wa meza."

"Basi ukiwa nao tutafuata sheria. Lakini mkataba usipokuwepo, nakwambia mapema nisikufiche: pale chini patakuwa duka. Nimeshaongea na mtu. Atapigilia rafu za bidhaa ukuta mzima wa mashariki, na dirisha litazibwa."

Fundi Mgongo alikwenda nyumbani kwa mwendo wa mtu asiye na wasiwasi. Alivuta mtoto wa meza. Palikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya mabinti, cheti cha ndoa, picha moja ya mwalimu wake aliyekunja uso. Mkataba haukuwamo.

Walitafuta siku tatu. Walinyanyua godoro, wakapekua mifuko ya makoti ambayo hayakuwa yakivaliwa tena, wakafungua hata birika la akiba.

"Watu wengine wakipoteza karatasi hutazama kabatini," mkewe alisema, amekaa kitini na kuelekeza msako kwa fimbo yake. "Mimi mume wangu akipoteza, inabidi nipasue vitabu vya mji mzima!"

"Mama watoto, si wakati wa mzaha."

"Nani anatania?"

Siku ya nne ilinyesha. Tone la kwanza likadondoka kutoka darini, la pili likafuata, na mkewe akafanya alichokuwa akikifanya kila mvua: akafunga kamba kutoka msumari hadi msumari na kuanza kuanika kila kilicholowa. Fundi Mgongo alisimama na karatasi moja mkononi, akaitazama kamba asiianike, hata mkewe akaogopa.

"Vipi? Umeshikwa na nini?"

"Mwaka ule wa mvua kubwa," alisema polepole. "Binti wetu wa kati alipougua surua. Maji yalijaa mtoto wa meza. Tulianika."

"Tulianika. Nyaraka zako na mabaki yako, kamba moja. Nikakwambia, baba watoto, utakuja kuzichanganya."

"Uliniambia."

"Mara mbili."

"Na wiki ile nilijalidi kitabu gani?"

Mkewe alifumba macho. "Kile cha mzee wa juu, Mungu amrehemu. Cha mkono wake mwenyewe. Nakumbuka kwa sababu alisimama hapo mlangoni kusubiri gundi ikauke, na mtoto akamtapikia kiatu."

Fundi Mgongo alijipiga paji la uso, na miwani ya pajini ikaanguka. Sasa alikumbuka hata mguso wake: karatasi nene, ngumu kiasi chake, imekauka vizuri kambani, aliigeuza upande wenye maandishi ndani na kuikata vipande vitatu kwa mkono uliokuwa na haraka ya kurudi kwa mtoto mgonjwa. Ushahidi wa miaka yake yote alikuwa ameubandika mwenyewe, kwa ustadi wote aliojaliwa, ndani ya kitabu cha mwenye nyumba.

Na kitabu hicho hakikuwa kitabu hivihivi. Marehemu alikuwa ameandika humo kuzaliwa kwa kila mtu wa ukoo wake, vifo vyao, na dua alizowaombea. Mjane wake alikisoma kila asubuhi baada ya sala. Kukifungua mgongo ni kukitenganisha na jalada kwa wembe, mbele ya macho yake, ili kumpa mtu karatasi itakayomzuia yeye kupata paa.

"Siendi," alisema Fundi Mgongo. "Nitamwambiaje?"

"Utamwambia kweli. Ningekuwa na magoti ningekwenda mimi, tena ningeshafika."

Akaenda. Alipanda zile ngazi kumi na nne, akabisha, akakaribishwa. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa karibu na beseni lake, kitabu kikiwa mapajani, na mtoto wake alikuwa mezani akipanga mafaili. Fundi Mgongo hakuzunguka. Alieleza kuhusu mvua, kamba, surua na wembe, kisha akasema, "Bibi, kitabu ni chako na karatasi iliyomo ni hasara kwako. Ukisema hapana, nitashuka na kuanza kufunga virago, na shukrani zangu kwako hazitapungua hata chembe. Nimelea watoto watatu chini ya miguu yako."

Mtoto aliinuka. "Mama, subiri. Ukimpa kitabu hicho ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa nyumba."

"Ufunguo anao," alijibu bibi. "Alikuwa nao wewe hujaota meno." Akamgeukia fundi. "Kitaharibika?"

Fundi Mgongo alikipokea, akakipindua, akapitisha kidole gumba mgongoni kama tabibu anayepapasa mbavu. "Ningekuwa nimetumia gundi hizi za sasa, ningekwambia ndiyo. Lakini hii ni ya wanga. Itaachia, Mungu akipenda, na nitakirudisha kama kilivyokuwa."

"Kama kilivyokuwa sikitaki," alisema bibi. "Ukurasa wa arusi yangu umelegea. Ukishakifungua, ukaze na huo. Kifungue hapahapa, nami nione."

Fundi alishuka, akarudi na vifaa vyake. Wembe ulipita kwenye mkunjo wa jalada, na bibi hakupepesa jicho, ingawa mkono wake ulishika ukingo wa kiti. Jalada likatoka. Fundi Mgongo alilaza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya mgongo ulio wazi, akangoja. Matone yalianguka ndani ya beseni kwa zamu. Kisha akaingiza ule mfupa laini chini ya ncha ya kipande cha kwanza, akasukuma kidogo, akapumua, akasukuma tena. Na gundi, baada ya miaka yote ile, ikaachia kwa utii kama iliyopakwa wiki iliyopita. Alimshukuru Mola, na moyoni akamwombea rehema yule mzee mkali aliyemwapisha.

Vipande vitatu vilikaa mezani kimoja chini ya kingine. Muhuri wa buluu ulikuwapo, tarehe ilikuwapo, sahihi mbili zilikuwapo. Kilichobaki ni mwandiko.

"Mwandiko wake ulikuwa mbaya kupita kiasi!" alisema bibi, na sauti yake ikacheka na kulia papo hapo. "Soma, mwanangu. Mimi macho yamejaa."

Mtoto alisoma. Yalikuwa masharti ya kawaida: kodi ilipwe mwanzo wa mwezi, choo kisafishwe kwa zamu, mpangaji asifuge kuku. Alipofika kipande cha tatu sauti ilipungua mwendo. "Sharti la mwisho. Dirisha la mashariki lisizibwe kamwe, wala na mimi wala na watakaorithi, maadamu mtu huyu yumo humu, kwa kuwa anaishi kwa macho yake."

Alirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akakaa chini.

"Sikumwomba aandike hivyo," alisema Fundi Mgongo. "Wallahi sikuwa nikijua. Nilitia sahihi bila kusoma. Nilikuwa na furaha ya kupata chumba."

"Mjalidi vitabu, hasomi!" alisema bibi. "Hebu tazameni mtu."

Halmashauri ilipokaa tena Alhamisi ya pili, Fundi Mgongo alipeleka mkataba wake, vipande vitatu vimeunganishwa juu ya karatasi mpya. Karani aliupindua mara tatu, akauliza kwa nini umekatwa kama sambusa, akaambiwa, akawaita makarani wenzake waje kusikia. Ukapigwa muhuri. Chumba kikawa salama kwa uhai wa fundi na wa mkewe. Angeweza kurudi nyumbani hapo hapo, na pengine hivyo ndivyo wengi wetu tungefanya. Lakini mwenyekiti aliuliza kama mzee ana la kusema, naye akaona kwamba analo.

"Waheshimiwa, mimi nimelindwa, na nawashukuru walioiweka sheria hii, walio hai na waliotangulia. Bila kikomo ningekuwa nimehamishwa mara kumi, na chuma changu kile hakihamishiki. Lakini karatasi hii ilinipotea kwa sababu ya mvua, na mvua ilipita paani, na paa halikuezekwa kwa kuwa kodi yangu haitoshi. Basi nilindeni, lakini mlindeni na aliye juu yangu. Kikomo kibaki, na ndani yake patolewe nafasi ya nyongeza ndogo, ya kuezeka na kutengeneza tu, ionyeshwe risiti. Mimi nimekwisha kuridhia yangu, kwa hiari."

"Msaliti!" alipaza sauti kinyozi mmoja upande wa wapangaji. "Kesha kushiba huyo, sasa anatupandishia wenzake!"

"Mwanangu," alijibu Fundi Mgongo, "njoo ulale kwangu siku ya mvua moja tu. Nitakupa upande mkavu."

Mama muuza vitambaa alicheka safari hii. Yule mwembamba wa vyumba sita hakufurahi pia, kwani neno risiti halikumpendeza. Na kwa kuwa pande zote mbili zilinung'unika, mwenyekiti aliandika pendekezo lile kwa kalamu nyekundu. Mjadala haukwisha mwaka ule, wala uliofuata. Kwa habari tulizo nazo, kengele ingali ikigongwa.

Lakini katika nyumba ile ya kuta nene mambo yalikwisha. Mtoto wa bibi alimrudishia mtu wa duka neno lake. Kwa ile nyongeza, na kwa akiba yake mwenyewe, alileta mafundi wa paa, na mvua iliyofuata beseni lilikaa kavu, likafanywa la kuogea wajukuu. Kitabu cha marehemu kilirudi juu, ukurasa wa arusi umekazwa, mgongo mpya. Bibi aliuliza ni karatasi gani iliyotiwa ndani safari hii.

"Barua ya halmashauri ya kuniita ukumbini," alisema fundi. "Nzuri sana. Ngumu."

"Una hakika hutaihitaji?"

Fundi Mgongo alishuka ngazi mbio kadiri umri ulivyomruhusu kwenda kumwuliza mkewe. Mkewe hakuinua uso kutoka kwenye ushonaji wake. Nakala alikuwa nayo. Sanduku la nyaraka alikuwa amekwisha kulihamishia upande wake wa pazia, na ufunguo alikuwa ameufunga pindoni.

Jua lingali likianza siku yake juu ya meza ile. Tunamwomba Mola Mkarimu amzidishie fundi huyo nuru ya macho kadiri alivyomzidishia shukrani ya moyo. Ayalainishe magoti ya mkewe. Awalinde mabinti wao watatu na vizazi vyao chini ya paa lisilovuja. Amrehemu marehemu aliyelikumbuka dirisha la mtu mwingine, ampe mjane wake uzee wa raha na mtoto wake riziki ya halali. Na kila aliyelaza kichwa katika chumba cha kupanga, usiku wa leo na wa kesho, amjaalie mwenye nyumba mwenye huruma, naye amjaalie kuwa mpangaji mwenye kushukuru. Amina.